Mungu Hakungoja

Mwaka 1905 Vita vya Maji Maji viliikumba nchi yetu ya kusini. Tarehe 14 Agosti, Askofu Cassian Spiss na wenzake wanne waliuawa pande za Liwale. Nao Wajerumani wakateketeza mashamba na maghala, hata njaa ikaua watu maelfu kwa maelfu. Kila upande ukabaki na makaburi yake.

Tarehe 1 Novemba 2023, huko Songea, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani aliomba msamaha. Ilikwisha pita miaka 118.

Mungu hakungoja hivyo. Mtume Paulo atufundisha kwamba Yeye tuliyemkosea ndiye aliyetangulia kutupatanisha naye katika Kristo. Basi, sisi wa Nkowe tusichelewe kuungama. Mlango umekwisha kufunguliwa.