Ushuru uliomng'oa mtemi wa Unyanyembe

Sensa ya Agosti 2022 iliukuta Mkoa wa Tabora na watu 3,391,679. Miaka 10 nyuma walikuwa 2,291,623. Hao watu zaidi ya milioni 1.1 walioongezeka wanadai madarasa, visima na zahanati, na kila diwani anayeingia kikao cha bajeti anajua swali litakalomsubiri: fedha zitoke wapi? Katika Wilaya ya Uyui, iliyokuwa ikiitwa Tabora Vijijini na iliyohesabu watu 396,623 mwaka 2012, jicho huelekezwa kwenye tumbaku. Lakini tangu 2017 ushuru wa mazao ya biashara umeshushwa kutoka asilimia 5 hadi 3.

Swali hilo lilikwishaulizwa katika ardhi hiyohiyo zaidi ya miaka 160 iliyopita, na mtu alipoteza utemi kwa kulijibu.

Hapa ndipo ilipokuwa Unyanyembe, njia panda ya misafara ya pwani: moja ikienda Ujiji, nyingine Karagwe na Buganda. Enzi za Mtemi Fundikira, wafanyabiashara Waarabu walikaa kwa raha katika kituo chao cha Kaze, na msafiri Mwingereza Richard Burton aliwakuta hivyo mwaka 1857. Fundikira akafa, akamrithi Mnywa Sele.

Mtemi mpya hakukawia. Aliagiza kila bidhaa inayoingia nchini mwake ilipiwe ushuru. Waarabu, waliozoea kukaa bila kulipa, wakakataa katakata. Bunduki zikalia, wafuasi wa mtemi wakapungua, na Waarabu wakamsimika mtu wao, Mkasiwa. Mnywa Sele akaingia porini na kuanza kuwavizia njiani.

Mengi tunayoyajua juu ya ugomvi huo yaliandikwa na msafiri mwingine Mwingereza, John Hanning Speke, aliyepita hapa mwaka 1861. Mtemi aliyefukuzwa alimfuata kambini. Alimweleza mgeni kisa chake na kumtaka awe msuluhishi. Speke alijaribu, akisaidiwa na Musa Mzuri, mfanyabiashara Mhindi wa Kaze. Suluhu ikavunjika: Mnywa Sele alitaka kiti chake, na Waarabu hawakukubali kumwondoa Mkasiwa. Mwaka huohuo vita vilimuua Snay bin Amir, mkubwa wa Waarabu wa Kaze. Mnywa Sele naye akauawa mwaka 1865.

Wapo wanaomwita mkorofi. Mimi namwona mtawala aliyetambua kwamba nchi inayopitiwa na pembe za ndovu na nguo za watu ina haki ya kupata chochote. Mirambo wa Urambo alidai hilohilo kwa silaha miaka ya 1870, akaifunga njia.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwaka 1893 Mtemi Isike wa Unyanyembe alijilipua kwa baruti ngome yake ilipotekwa na Wajerumani, nao wakaleta kodi ya nyumba. Wabelgiji waliingia 1916, kisha Waingereza wakatawala kupitia machifu. Utawala wa machifu ulifutwa 1963, halmashauri zikavunjwa 1972 na kurejeshwa 1984. Kodi ya maendeleo iliondolewa 2003.

Tembe la Kwihara, karibu na mji wa Tabora, alimokaa mmisionari David Livingstone mwaka 1872, limefanywa makumbusho, na ni jambo jema. Lakini inauma kwamba mtoto wa Uyui anaweza kumaliza darasa la saba akimjua Livingstone bila kumsikia Mnywa Sele. Madiwani wanaokutana Isikizya, makao makuu ya wilaya, wana uwezo wa kuipa shule moja jina lake, na hilo halihitaji fedha kutoka Dodoma.