Picha ya Bikira Maria Iliyouzwa kwa Mnada

Tarehe 30 Juni 2015, mjini London, picha moja ya Mama Bikira Maria ilitiwa mnadani katika nyumba ya Christie's. Iliuzwa kwa paundi karibu 2,900,000. Wengi wetu tunasali mbele ya picha ya karatasi yenye bei ndogo. Basi tuitazame historia ya picha hiyo ya London.

Mchoraji wake ni Chris Ofili. Alizaliwa Manchester, katika Uingereza, mwaka 1968. Wazazi wake walitoka Nigeria. Alilelewa katika dini Katolika, na utotoni alitumikia Misa. Mwaka 1992 alisafiri mpaka Zimbabwe, na tangu safari ile alianza kutia mavi ya tembo katika kazi zake. Picha hii aliichora mwaka 1996. Bikira Maria ni mweusi, pua yake ni pana, vazi lake ni la buluu. Titi moja ni donge la mavi ya tembo, tena picha nzima husimama juu ya madonge mawili. Pande zote vimebandikwa vipande vya picha za aibu vilivyokatwa katika magazeti.

Mwaka 1999 picha ilionyeshwa Brooklyn, katika mji wa New York. Meya Rudolph Giuliani alikasirika, akataka kuinyima nyumba ya maonyesho fedha za mji, karibu dola 7,000,000, tribinali ikamkataza. Tarehe 16 Desemba mzee mmoja Mkatoliki, wa miaka 72, alipenya nyuma ya kioo cha ulinzi, akaipaka picha rangi nyeupe. Alitaka kumtetea Mama yetu. Lakini alifanya nini? Aliufunika uso mweusi kwa weupe. Yeye alikamatwa, picha ikasafishwa, na sifa yake ikazidi kuenea.

Tuhukumu kwa haki. Weusi wa Maria si kosa: wachoraji wa Ulaya walimpa sura ya mama zao, nasi tuna ruhusa ile ile. Wala mavi peke yake si tusi: katika vijiji vya wafugaji akina mama hupaka sakafu kwa mavi ya ng'ombe, na Mkombozi wetu alilazwa katika hori la wanyama. Zile picha za aibu ndizo zinazotuumiza. Hizo hazifai kando ya Bikira, na tuseme hivyo wazi.

Mtaguso wa pili wa Nisea, mwaka 787, ulifundisha kwamba heshima tunayoitolea picha humwendea yule aliyechorwa. Heshima hiyo haipimwi kwa paundi, wala hailindwi kwa kopo la rangi.

Mwaka 2018 picha ile ilitolewa zawadi kwa Museum of Modern Art ya New York. Sisi tuitunze picha ya karatasi iliyo ukutani kwetu. Tuipanguse vumbi, na jioni tusali rozari mbele yake pamoja na watoto wetu.