MASIKIO YANAYOLIA, sehemu ya 4: "Binti, waambie wazime hilo jenereta"

Nimetoka zamu muda si mrefu, miguu imevimba kama maandazi, lakini niliahidi sehemu ya nne kabla wiki haijaisha na ahadi ni deni. Tulishamaliza sikio linavyofanya kazi, habari ya nta, na zile dawa zinazoharibu usikivu. Leo ni historia. Chukua chai yako kabisa, ni ndefu.

Naanza na kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa zamu ya usiku wodi ya wanaume. Kulikuwa na mzee mmoja kalazwa kwa presha. Saa nane usiku akaniita: "Binti, waambie wazime hilo jenereta." Umeme ulikuwepo, jenereta lilikuwa kimya. Nikamjibu, mzee wangu, hakuna jenereta, lala. Akaniita tena saa tisa. Saa kumi akaniita tena. Asubuhi wakati wa kukabidhi zamu nikaandika kwenye faili kwamba mgonjwa alichanganyikiwa usiku. Sentensi moja tu. Lakini sentensi ile ilimfuata siku zote alizokaa pale, kila alichosema kikawa kinasikilizwa kama maneno ya mtu asiyejielewa. Usiku wa tatu hakuniita. Nilipita na tochi nikamkuta macho, anaangalia dari.

Yule mzee hakuchanganyikiwa hata kidogo. Ulikuwa ni mlio wa masikio, kitaalamu tinitasi, yaani sauti ambayo mtu anaisikia kweli ila nje yake hakuna chanzo. Na alikuwa ananieleza kwa njia ile ile ambayo wagonjwa wote huitumia: kuifananisha na kitu. Mmoja atakwambia nyenje, mwingine filimbi, mwingine mashine ya kusaga, mwingine redio iliyopoteza stesheni. Waliotibiwa malaria kwa kwinini enzi hizo wanajua, masikio yalikuwa yanavuma mpaka dozi iishe. Atafananisha na nini kingine? Hawezi kukuazima sikio lake.

Sasa, swali ambalo limewasumbua madaktari na wagonjwa muda mrefu ni hili: sauti ambayo mtu mmoja tu anaisikia, utajuaje ni kubwa kiasi gani? Na je, ukubwa wake ndo unaomtesa, au kuna kitu kingine?

Nianze na mgonjwa ambaye ningetamani kumpokea mimi, Jean-Jacques Rousseau, yule mwandishi na mwanafalsafa. Kwenye kitabu alichoandika kuhusu maisha yake anasimulia jinsi siku moja akiwa kijana, karibu na Chambéry, ambako leo ni Ufaransa, alivyokuwa anaweka sawa meza ndogo na ghafla kukawa na vurugu mwilini na masikioni. Halafu anafanya jambo ambalo wagonjwa wachache hulifanya. Anazitenganisha sauti. Kulikuwa na mvumo mzito, kulikuwa na mnong'ono kama maji yanayotiririka, kulikuwa na mluzi mkali, na kulikuwa na mapigo ya mishipa yake mwenyewe, ambayo anasema aliweza kuyahesabu bila kushika mkono. Fikiria, mgonjwa anajihesabia mapigo ya moyo kwa sikio! Toka siku hiyo akawa msikivu hafifu, usingizi ukapungua, na anaandika kwamba kwa miaka 30 sauti zile hazikumwacha hata dakika moja.

Ila ukisoma pale utashangaa, halalamiki sana. Anasema tukio lile lingeweza kuuua mwili wake, lakini liliua tamaa zake tu, na kwamba ndipo alipoanza kuishi. Sauti nne, usiku na mchana, miaka 30, na mtu anaendelea kuandika vitabu na kupanda vilima akitafuta mimea.

Mlinganishe na Beethoven. Mwaka 1801, akiwa na miaka 30 hivi, alimwandikia barua rafiki yake wa utotoni, Franz Wegeler, aliyekuwa daktari. Alimweleza kwamba masikio yanavuma na kunguruma mchana na usiku. Lakini sehemu kubwa ya barua haihusu mvumo wenyewe. Inahusu kukwepa watu. Karibu miaka 2 alikuwa haendi kwenye mikusanyiko kwa sababu hawezi kuwaambia watu kwamba hasikii, na kwa kazi yake hiyo, maadui zake wangesemaje? Anamweleza jinsi anavyolazimika kukaa karibu kabisa na wapigaji ukumbini ili aelewe kinachoendelea. Anamwomba iwe siri.

Umeona hapo? Hakuna aliyewapima hawa wawili, na hatuwezi kujua sauti ya nani ilikuwa kubwa zaidi. Tunachojua ni kila mmoja sauti ile iliingia wapi kwenye maisha yake. Kwa Beethoven iliingia penye riziki na heshima yake. Hiyo ndo tofauti ninayotaka uishike, kwa sababu hospitali zilichukua zaidi ya miaka 150 kuifikia.

Madaktari wa karne ile walianza na jambo lingine. Jean Itard, daktari wa taasisi ya viziwi Paris, alitoa kitabu kikubwa cha magonjwa ya sikio mwaka 1821. Yeye alitenganisha sauti zenye chanzo halisi mwilini, kama mshipa unaopiga, na zile zisizo na chanzo cha namna hiyo. Na pale tiba iliposhindikana, alishauri kuificha sauti kwa sauti: kaa karibu na moto wenye kuni mbichi kidogo zinazolialia, au hamia jirani na kinu cha maji. Mi nampenda kwa hilo. Hakubishana na mgonjwa kama sauti ipo au haipo, alimtafutia usingizi. (Leo watu wanawasha feni au redio kwa sauti ya chini usiku, ni kinu kile kile cha Itard.)

Halafu kuna Bedřich Smetana, mtunzi wa muziki wa Wacheki. Alipoteza usikivu mwaka 1874, na mwaka 1876 akatunga muziki wa vinanda vinne kuhusu maisha yake. Sehemu ya mwisho inaanza kwa furaha, kama ngoma ya kijijini. Ghafla ngoma inakatika. Vinanda vya chini vinatetemeka, na juu yao fidla ya kwanza inashika noti moja, E ya juu sana, inaivuta. Ni ule mluzi wa sikioni mwake. Itafute uisikilize ukitumia spika za masikioni, polepole tu. Utagundua noti ile siyo sauti kubwa kuliko zote. Fidla moja haiwezi kuzidi vinanda vinne vinavyocheza pamoja. Inachofanya ni kukatisha sherehe. Nadhani hakuna fomu ya hospitali iliyowahi kulieleza hili vizuri zaidi ya Smetana.

Vifaa vya umeme vya kupima usikivu vilipoingia miaka ya 1920, watu wakaona sasa tumepata jibu. Mmoja wa waliovitengeneza Marekani, mwanafizikia R. L. Wegel, alikuwa na mlio masikioni mwake yeye mwenyewe, na mwaka 1931 akachapisha utafiti kuhusu tinitasi akitumia sikio lake. Mwenzake, daktari Edmund Fowler wa New York, akawafanyia wagonjwa hivi: anawasikilizisha sauti ya mashine, anaipandisha na kuishusha mpaka mgonjwa aseme, "hapo hapo, imelingana na yangu."

Majibu yaliwashangaza. Watu waliosema kichwani mwao kuna treni, mara nyingi walilinganisha na sauti iliyo desibeli 5 hadi 10 tu juu ya kiwango cha chini kabisa ambacho sikio lile linasikia. Yaani kidogo mno. Mwaka 1942 Fowler akaandika kuhusu "udanganyifu wa ukubwa" wa mlio.

Hapa naomba tutulie kidogo, maana neno hilo lina madhara. Mwambie mtu ambaye hajalala wiki nzima kwamba ukubwa wa sauti yake ni udanganyifu, uone atakavyokuangalia. Na kuna jambo ambalo Fowler huyo huyo aliligundua miaka ya 1930: sikio lililoharibika halipandi ngazi kama sikio zima. Sauti ndogo halisikii kabisa, lakini ikishavuka kizingiti, ukubwa unapanda kwa kasi. Kwa hiyo desibeli 5 za sikio bovu siyo sawa na desibeli 5 za sikio lako wewe. Mgonjwa wa treni hakuwa anatia chumvi kama tulivyodhani.

Mwaka 1953 likaja jaribio ambalo nalipenda kuliko yote. Heller na Bergman, huko huko Marekani, waliwaweka watu wazima 80 wenye usikivu mzuri kwenye chumba kisichopitisha sauti, mmoja mmoja, wakawaambia waseme wanachosikia. Asilimia 94 walisikia kitu. Mvumo, mlio, kitu kama wadudu. Wazima kabisa! Kumbe wengi wetu tuna vijenereta vyetu, sema dunia inapiga kelele hatuvisikii, na tukivisikia hatuvijali.

Basi swali likageuka. Badala ya kuuliza tu kwa nini sauti ipo, watafiti wakaanza kuuliza kwa nini kwa huyu haiondoki akilini. Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1980, Tyler na Baker waliwapa watu wa kikundi cha wenye mlio karatasi tupu, wakawaambia waorodheshe shida wanazopata, nzito kwanza. Kupata usingizi kulitajwa mno. Kuelewa watu wanaongea, kukata tamaa, navyo vikajaa. Mwaka 1984 Hallam na wenzake wa London wakasema kawaida ubongo huizoea sauti hii kama unavyozoea saa ya ukutani, na anayeteseka ni yule ambaye mazoea hayo yamekwama, mara nyingi kwa hofu na uchovu. Na vipimo vikaendelea kuonyesha kitu kile kile: desibeli za mashine na mateso ya mtu haviendi pamoja sana.

Ndo zikaja fomu. Ya mwaka 1996 ina maswali 25, majibu ni ndiyo, wakati mwingine au hapana, na alama zinafika 100. Ya mwaka 2012, ya Mary Meikle na wenzake, ina maswali 25 pia, na matatu ya kwanza ndiyo ninayoyapenda. La kwanza: ukiwa macho, ni sehemu gani ya muda unaitambua sauti? La pili: ni kubwa au kali kiasi gani? La tatu: ni sehemu gani ya muda inakukera? Ukubwa umewekwa katikati, swali moja tu kati ya mengi. Rousseau angejaza alama za juu kwenye la kwanza na za chini kwenye la tatu.

Angalizo dogo kabla sijamaliza: mlio ulioanza ghafla pamoja na sikio kuziba au kutosikia, au unaopiga kwa kufuata mapigo ya moyo, usikae nao nyumbani. Nenda hospitali, na kama usikivu umepotea ghafla nenda siku hiyo hiyo.

Siku hizi mgonjwa akinitajia sauti namuuliza hayo matatu, ila asilimia siziweki, wodini asilimia hazieleweki. Nasema: toka unapoamka mpaka unapolala, unaisikia saa ngapi? Na katika hizo, saa ngapi inakuudhi? Mwezi uliopita mama mmoja wa makamo alifikiria kidogo, akaniambia, "Nesi, kusikia naisikia saa zote. Kuniudhi ni jioni tu, nikikaa sebuleni namsubiri mwanangu arudi na bodaboda. Nasikilizia pikipiki yake, sasa hii kelele inanizuia kujua kama amefika."

Nimeyaandika kwenye faili lake jinsi alivyoyasema.