Majalada ya Rwezamenyo

Atakaye kuandika tarihi ya majalada katika mji wa Kigali hana budi kuianzia katika mitaa ya Waswahili, yaani Biryogo, Nyamirambo na Rwezamenyo, kwani Mdachi Richard Kandt alipouasisi mji huo mwaka 1907, dola yake ilikuwa imekwisha zoea kuendesha shughuli zake za chini kwa lugha ya Kiswahili, na miongoni mwa Waislamu waliofuatana na utawala ule, ambao mwaka 1913 walikuwa na msikiti wao wa Al-Fatah, walikuwamo askari, wachuuzi na makarani. Wabelgiji walipoingia mwaka 1916 walizirithi daftari na kuzizidisha, na katika miaka ya 1930 wakaanza kumwandikia kila mtu mzima kabila lake katika kitambulisho. Na yaliyotendwa kwa karatasi hizo katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, penye vizuizi vya barabarani, hayana haja ya kuelezwa hapa. Yatosha kukumbuka kwamba katika nchi hii namna ya kuandika na kupanga majina ya watu haikupata kuwa jambo dogo.

Kompyuta zilipoanza kuenea mjini, baada ya chuo cha KIST kufunguliwa mwaka 1997 na serikali kuutoa mpango wake wa kwanza wa teknolojia ya habari wa miaka 2001 hadi 2005, zilikuja pamoja na zile programu ndogo za kupangia mafaili ambazo asili yake ni kazi ya John Socha, Mmarekani aliyeitoa Norton Commander mwaka 1986: kioo cha rangi ya buluu kilichogawanywa pande mbili, faili lililopo upande huu, mahali pa kulipeleka upande wa pili, na vitufe vya juu vikafanya kazi yote, F5 kunakili, F6 kuhamisha, F8 kufuta. Mwaka 1993 Mswisi Christian Ghisler akaiga mpango huo akatoa Windows Commander, ambayo mwaka 2002 ilibadilishwa jina ikaitwa Total Commander, kwa kuwa Microsoft walilidai neno lile la kwanza kuwa ni milki yao; na hadi leo matoleo mapya hutoka, ila pande zile mbili na vitufe vile havijabadilika, jambo ambalo kwangu ni ushahidi kwamba Socha alipatia tangu mwanzo.

Lakini chombo kilikuwa na upungufu uliowagusa watu wa huku kuliko wengi. Chini ya mfumo wa DOS jina la faili halikuruhusiwa kuzidi herufi 8, pamoja na tatu za mwisho baada ya nukta. Na Mmarekani aliyezoea kumwita jirani yake Smith au Jones hakuona udhia wowote. Sasa mchukue karani mwenye kuandika barua za Nyirahabimana na za Nyirahabineza: majina yote mawili, yakikatwa penye herufi ya nane, yanabaki NYIRAHAB, na barua ya pili ikihifadhiwa mahali pamoja huifuta ya kwanza. Katika mitaa ya Waislamu balaa ni lile lile, kwani Abdurrahman na Abdurrahim wote huwa ABDURRAH. Windows ya mwaka 1995 iliruhusu herufi 255, ikawa nafuu kubwa, ingawa programu kuukuu ziliendelea kuonyesha NYIRAH~1 na NYIRAH~2, na mwenye faili akabaki kubahatisha.

Mtihani mkubwa zaidi haukutoka kwenye kompyuta. Mwaka 2006 serikali iliichora upya ramani ya nchi: mikoa 12 ikawa mitano, Mji wa Kigali ukihesabiwa humo, wilaya 106 zikawa 30, na sekta 1,545 zikawa 416, ndipo Rwezamenyo ikawa mojawapo ya sekta 10 za wilaya ya Nyarugenge, na seli zake nne, Kabuguru ya I na ya II, Rwezamenyo ya I na ya II. Aliyekuwa ameyapanga majalada yake kwa mkoa, kisha wilaya, kisha sekta, tabaka ndani ya tabaka, aliamka akakuta nusu ya vichwa vya majalada yake havipo tena duniani.

Mfano wa dhahiri ni nyaraka za Gacaca. Mahakama hizo za wananchi za kuhukumu mauaji ya 1994, zilizoenea nchi nzima mwaka 2005 na kufungwa mwezi wa Juni 2012, zilikuwa zimeundwa kwa ramani ya zamani, 9,013 katika seli, 1,545 katika sekta na 1,545 za rufaa, zikakata kesi 1,958,634, aghalabu kwa maandishi ya mkono ya majirani waliochaguliwa kwa uadilifu wao wala si kwa elimu ya ukarani. Kurasa zake, takriban milioni 60, zilikusanywa Kigali zikaanza kupigwa picha na kuingizwa katika kompyuta. Mjane anayetafuta leo ushuhuda uliotolewa katika mtaa wake hana budi kuulizia kwa jina la sekta ilivyokuwa kabla ya 2006. Na hakuna programu, hata iwe mpya namna gani, itakayolijua jina hilo ikiwa aliyeingiza kurasa hakuliandika.

Kwa hiyo namwona mwerevu yule karani anayeanza jina la faili kwa mwaka, kisha mwezi, kisha siku, desturi iliyothibitishwa na kanuni ya kimataifa ya ISO 8601 mwaka 1988, kisha jina la mtu kwa ukamilifu, kisha shauri lenyewe. Kwani hapo mafaili hujipanga yenyewe kwa tarehe, na mipaka ikihamishwa tena hayadhuriki. Wengine hata hawafiki huko: kompyuta nyingi za mtaani zimejaa majalada yaitwayo "Nouveau dossier", na yale ya baada ya 2008, shule zilipoacha Kifaransa zikashika Kiingereza, huitwa "New folder (7)". Kitufe cha kubadili majina kwa jumla, ambacho katika Total Commander ni Ctrl na M, huponya maradhi haya kwa alasiri moja.

Yabaki mawaidha mawili ya kazi. Usihamishe mafaili kwa F6 kuelekea kwenye flashi. Nakili kwanza, linganisha, kisha ndipo ufute. Na uiamuru kompyuta ionyeshe mafaili yaliyofichwa pamoja na herufi za mwisho wa majina, kwa sababu virusi vya flashi huficha majalada ya mtu na kuweka njia za mkato za uongo mahali pake, na wengi wamefuta diski nzima hali mali yao ilikuwamo salama. Wenye kuweka daftari za misikiti na za vyama vya ushirika hapo Rwezamenyo nawaomba wafanye hivyo wiki hii, na nakala ya pili waiweke nyumba nyingine.