Ukumbusho wetu wa vita uko majini



Shuleni tulisoma vita ya 1914-1918 kama mambo ya Ulaya: Verdun, mitaro, gesi ya sumu. Mwalimu anafuta ubao, tunaenda nyumbani. Kumbe hili ziwa tunaloogea nalo lilikuwa uwanja wa vita ile ile.

Mwaka 1913 Wajerumani waliunda meli Graf von Götzen kule Papenburg. Wakaifungua vipande vipande, wakaitia katika masanduku kama 5,000, wakaileta Dar es Salaam, kisha Kigoma. Mwaka 1915 ikaingia majini, urefu wake zaidi ya mita 70. Tangu Agosti 1914 walikuwa wamekwisha kuharibu Alexandre Delcommune, meli ya Wabelgiji, kwa hiyo ziwa lilikuwa mikononi mwao.

Waingereza nao wakaleta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou. Kutoka Cape Town zilipanda treni mpaka Fungurume, kisha zikavutwa porini na milimani, mpaka Lukuga, yaani Kalemie ya leo. Tarehe 26/12/1915 wakakamata boti Kingani. Tarehe 9/2/1916 wakazamisha Hedwig von Wissmann.

Julai 1916, Force Publique ilipokaribia Kigoma, Wajerumani wakaizamisha Götzen wao wenyewe. Lakini kwanza wakapaka mashine zake grisi nyingi, zisioze. Na hazikuoza: 1924 Waingereza wakaiinua, na 1927 ikaanza kazi tena kwa jina Liemba.

Basi ukienda leo kutafuta mahali ilipozama, karibu na mdomo wa mto Malagarasi, utakuta maji tu. Ukumbusho ni meli yenyewe. Hapa Uvira kuna wakubwa wetu walioipanda: mwaka 1997 ilifanya safari kati ya Kigoma na Uvira kuwarudisha wakimbizi nyumbani. Meli ya vita ikawa meli ya kurudi kwetu.

Lakini kuna jambo moja linaniuma. Jina la Spicer-Simson, mkubwa wa zile boti za Waingereza, liko vitabuni. Je, waliokata miti na kujenga madaraja ili boti zipite? Na wapagazi waliobeba risasi na chakula kichwani mpaka Tabora, ambayo Force Publique iliiteka Septemba 1916? Wengi walikufa kwa ugonjwa na njaa, si kwa risasi. Meli ilizamishwa ikapakwa grisi ili ihifadhiwe. Hao watu hawakuhifadhiwa hata kwa jina.

Tuko na diploma, tuko na simu za kurekodi. Hawa wazee wetu hawakuiona vita ile, ila baba na babu zao waliiona. Tukae nao, tuulize: nani wa ukoo wetu alichukuliwa? Alitoka kijiji gani? Alibeba nini? Alirudi? Kisha tuandike, jina baada ya jina. Mnara wa mawe unahitaji feza. Daftari tuko nalo tayari.