Lubumbashi: Shaba Ilipolipia Matibabu

Katika kambi za kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga mjini Lubumbashi, Congo, mke wa mfanyakazi alijifungulia hospitali ya kampuni bila kudaiwa hata senti. Mtoto alipelekwa kupimwa uzito. Nyumbani kulikuwa na poso: unga, samaki, mafuta. Matibabu yalihesabiwa pamoja na mshahara.

Haikuwa huruma tupu. Kampuni iliundwa mwaka 1906, na miaka yake ya mwanzo wachimbaji walioletwa kutoka mbali walikufa kwa wingi, nimonia ikiwa miongoni mwa maradhi yaliyowamaliza. Kuleta wengine kuligharimu. Ndipo mwishoni mwa miaka ya 1920 ikaanza kuwakalisha wafanyakazi pamoja na wake na watoto, na aliyesimamia sera hiyo alikuwa daktari, Léopold Mottoulle. Mtoto mwenye afya alikuwa mfanyakazi wa kesho. Lakini dawa haikununua ukimya: Desemba 1941 wafanyakazi waligoma wakidai nyongeza, askari wakawapiga risasi, makumi wakafa.

Hata hivyo mazoea yalishika mizizi. Baada ya Rais Mobutu kuitaifisha kampuni mwaka 1967, kampuni ya serikali, Gécamines, ilirithi migodi pamoja na hospitali, na familia ziliendelea kuiona kampuni kama baba na mama. Wasio na ajira hiyo hawakuonja neema yake, jambo linalosahaulika upesi enzi hizo zinaposifiwa.

Mwaka 1990 mgodi wake wa Kamoto uliporomoka, na Gécamines ikaanguka nao. Mwaka 2001 mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu alitoa kitabu ambacho jina lake linawataja wana wa Shaba waliotupwa na baba yao. Miaka miwili baadaye, wafanyakazi wa Gécamines zaidi ya 10,000 walianza kuondolewa kwa mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia. Walipewa kitita cha pesa; matibabu ya familia yakaishia hapo.

Tangu hapo mgonjwa hulipa kutoka mfukoni. Mwaka 2018 shirika la habari la Associated Press liliripoti kwamba hospitali za Congo, zikiwemo za Lubumbashi, huwazuia wagonjwa, hata wazazi na vichanga vyao, mpaka deni lilipwe. Ni aibu. Septemba 2023 serikali ilizindua huduma za uzazi bila malipo, ikianzia Kinshasa.

Wakati huohuo shaba inachimbwa kwa wingi kuliko enzi zote za Gécamines. Sheria ya madini ya mwaka 2018 inazitaka kampuni zitenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazozunguka migodi. Wakaazi wa mkoa wa Haut-Katanga waulize kila mwaka, kwa sauti na kwa maandishi, ni kiasi gani cha fedha hizo kimefika hospitalini.