Rakuni au Dubu Mwoshaji? Historia ya Jina na ya Utafiti

Mfasiri anayekutana na mnyama asiyepatikana katika nchi zetu huwa na njia mbili mbele yake: ama alitohoe jina la kigeni, ama aifasiri maana yake. Njia ya pili hupendwa sana na walimu, kwa kuwa mwanafunzi hulielewa neno mara alisikiapo. Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa mfano wa mnyama mmoja wa Amerika ya Kaskazini, kwamba neno linaloeleweka upesi laweza kuwa neno linalopotosha.

Mnyama mwenyewe humzidi paka kwa unene, mkia wake una pete nyeusi, uso wake una weusi unaozunguka macho, na hutembea zaidi usiku. Wajerumani humwita Waschbär, yaani dubu aoshaye. Wafaransa humwita raton laveur, yaani kipanya kioshaji. Waingereza humwita raccoon. Tuchukulie basi kwamba kitabu kimoja cha elimu ya wanyama kinafasiriwa na watu watatu, mmoja akitumia nakala ya Kijerumani, wa pili, tuseme yuko Lubumbashi, akitumia ya Kifaransa, na wa tatu ya Kiingereza. Kila mmoja akiwa mwaminifu kwa nakala yake, tutapata dubu, panya na rakuni, na mwanafunzi atahesabu wanyama watatu pale alipo mmoja. Wa nne angeweza hata kumwita fungo, kwa sababu fungo wetu naye ana weusi machoni. Lakini fungo, mwenye kutoa zabadi, ni wa ukoo wa kanu. Mnyama huyu wala si wa ukoo huo.

Je, habari ya kuosha ilitoka wapi? Wazungu waliomfuga waliona kwamba akipewa chakula karibu na maji hukitumbukiza na kukisuguasugua kwa mikono kabla ya kukila. Mwanasayansi wa Sweden, Linnaeus, alikuwa naye mmoja huko Uppsala, jina lake Sjupp, akaandika habari zake mwaka 1747. Mwaka 1758 alimtia katika kundi la dubu kwa jina la Ursus lotor, ambalo kwa Kilatini ni huyo huyo dubu mwoshaji. Mwaka 1780 Mjerumani Storr alimtoa miongoni mwa dubu na kumpa jina la Procyon. Udubu ukaondoka, uoshaji ukabaki: hadi leo yeye ni Procyon lotor, maana kanuni za majina ya kisayansi hulilinda jina lililotangulia hata likiwa na kosa ndani yake.

Wenyeji walikuwa wamemwita vingine. Neno la Kiingereza lilichukuliwa mwanzoni mwa karne ya 17 kutoka kwa Wapowhatan wa Virginia, na maana yake hutajwa kuwa ni yule akwaruzaye kwa mikono. Kihispania cha Meksiko humwita mapache, neno lililotoka katika Kinahuatl, nalo pia huelezwa kwa habari ya mikono, yule ashikaye kila kitu. Mataifa mawili yaliyokaa mbali na kusema lugha zisizo na udugu yalitazama mikono; wageni wakatazama maji.

Sayansi ilichukua muda mrefu kuamua nani aliona vema. Mwaka 1907 Wamarekani wawili, Cole na Davis, kila mmoja peke yake, walichapisha majaribio ya kuwafungia rakuni katika masanduku yenye makomeo, na wote wawili walistaajabia wepesi wao wa kuyafungua. Mwaka 1913 Hunter alieleza jaribio jingine. Mnyama alionyeshwa taa juu ya mmoja wa milango mitatu, taa ikazimwa, naye akazuiliwa kidogo kabla ya kuachiwa achague mlango. Panya na mbwa walifaulu ikiwa tu waliendelea kuuelekezea mwili mlango uliowaka. Rakuni waliweza kugeuka huku na huku na bado wakaujua, hata baada ya sekunde 25. Ni ajabu kwamba baada ya hapo maabara ziliwaacha kwa kiasi kikubwa, zikashikamana na panya mweupe, ambaye hasumbui wala hatoroki.

Jibu kuhusu mikono lilipatikana mwaka 1959. Welker na Seidenstein walionyesha kwamba sehemu ya gamba la ubongo wa rakuni inayopokea hisi za mkono ni kubwa mno, na kila kidole kina mahali pake. Mwaka 1963 Lyall-Watson aliichunguza upya habari ya kuosha. Aliona kwamba uchafu wa chakula haukuwa ndio sababu ya kukitia majini; mnyama aliyefungwa alikuwa akirudia kitendo cha kupapasa maji ya kina kifupi kutafuta mawindo, kitendo alichonyimwa na kizimba. Basi hakuna mwoshaji. Kijerumani, hata hivyo, kitaendelea kuishi na Waschbär wake, na si kitabuni tu, maana tangu rakuni walipoachiwa kando ya ziwa la Edersee mwaka 1934 wamezaana mno nchini humo.

Sayansi haikosi kuwasikiliza wenyeji siku zote. Kima wa Rungwe aliyetangazwa mwaka 2005 alipewa jina la kisayansi lenye neno kipunji, ambalo Wanyakyusa walikuwa nalo tayari.

Kwa hayo, mwandishi wa makala haya anapendelea rakuni. Silabi zake ni nyepesi kwa ulimi wetu, wingi wake haubadiliki, na upatanisho wake ni wa viumbe hai: rakuni huyu, rakuni hawa. Atakayeliingiza katika kamusi aweza kuanza hivi: mnyama anyonyeshaye wa Amerika, mwenye mkia wa pete na weusi machoni, ahisiye sana kwa vidole vya mikono. Habari ya maji aiache.